Namna ya Kuandaa Kikao cha Kusikiliza Albamu ya Entertainment! Jijini Tanga

Ukitaka kukaa na wenzako barazani Ngamiani muisikilize Entertainment!, albamu iliyotolewa mwaka 1979 na Gang of Four, bendi ya mji wa Leeds nchini Uingereza, anza na jalada kabla ya muziki. Linamwonyesha mchunga ng'ombe wa Kizungu akipeana mkono na mwenyeji wa asili wa Marekani, na maandishi yake yanaeleza kwamba mwenyeji anatabasamu akidhani amepata rafiki, ilhali mwenzake anatabasamu kwa kuwa amefaulu kumlaghai na sasa atamnyonya. Wasomee wenzako maneno hayo kwa Kiswahili.

Tafuta spika mbili, uzitenganishe. Katika wimbo wa "Anthrax", Jon King anaimba huku Andy Gill akizungumza mambo mengine wakati huohuo, na kwenye spika moja ndogo sauti hizo huvurugana.

Tangulia na "Damaged Goods", ili watu wanaswe kwanza na besi la Dave Allen na ngoma za Hugo Burnham. Waliokulia kwenye dansi la Atomic Jazz watalifurahia besi hilo, lakini gitaa la Gill, linalokatakata bila mwangwi na kuacha mapengo ya kimya, litahitaji kurudiwa.

Kisha weka "Not Great Men", wimbo unaokataa kwamba historia hufanywa na wakubwa peke yao, na hapa msiharakishe. Vitabu humtaja Richard Hindorf, aliyeingiza mkonge nchini mwaka 1893; waulize waliohudhuria ni nani anayeweza kutaja jina la manamba mmoja, yaani kibarua wa shamba la mkonge, aliyekata majani yale au aliyesimama kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge. Mwenye babu aliyefanya kazi shambani apewe nafasi ya kumtaja na kumweleza, hata kama wimbo unaofuata utachelewa.

"5.45" utaeleweka haraka: mtu yuko mezani anakula, na televisheni inamwaga damu ya vita mbele yake. Kwa maoni yangu, albamu hii haijachakaa kwa sababu inaonyesha jinsi fedha na habari zinavyoingia mpaka chumbani mwa mtu, jambo ambalo simu zimelizidisha.

"Ether" ndio unaoifungua albamu, na mwaka 2020 Run the Jewels, kundi la rap la Marekani, walichukua kipande chake wakakitumia katika wimbo wao. Hata hivyo uache kwa kikao cha pili, kwa kuwa unagusa mateso ya wafungwa wa Ireland ya Kaskazini, nawe utapaswa kuwa umeisoma habari hiyo vizuri ili uweze kuwaeleza wasioijua.