Kutengeneza ubao wa pasi wa mikono ya nguo kwa kufuata umbo la Sarah Boone

Mkono wa nguo ukilazwa juu ya meza na kupigwa pasi, mikunjo ya katikati huondoka, lakini mistari miwili mipya hubaki ukingoni, na katika gomesi, vazi refu la wanawake wa Uganda lenye mabega yaliyosimama, meza bapa haifai kabisa. Sarah Boone, mshonaji wa nguo za wanawake mjini New Haven, Connecticut, nchini Marekani, alilishughulikia tatizo hilo, na tarehe 26 Aprili 1892 akapewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, namba 473,653. Wengi humwita mvumbuzi wa ubao wa pasi, ingawa mbao za pasi zenye hataza zilikuwapo kabla yake. Jambo lake jipya lilikuwa umbo: ubao mwembamba, uliofunikwa kwa kitambaa laini, wenye kingo zilizopinda kufuata mishono ya mkono wa nguo, na wa kugeuzwa ili ufae mkono wa pili.

Kwa mshonaji wa Kisumu, ubao wa saiprasi wenye unene wa inchi moja unatosha, na mafundi wa samani wa soko la Kibuye huwa na vipande vilivyobaki. Chagua mbao zilizokauka vizuri, kwani mbao mbichi zikipata joto la pasi hutoa utomvu unaopenya hadi kwenye nguo.

Anza na ubao wa juu. Chukua karatasi ya kukatia mkono unaoushona mara nyingi, uikunje katikati kwa urefu, kisha uchore ubao ulio mwembamba kuliko karatasi hiyo iliyokunjwa, ili mkono uweze kuvishwa na kuzungushwa bila kuvutwa. Kwa mikono ya kawaida, urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 12 upande mmoja na 7 upande wa ncha vinafaa. Boone alipinda kingo kwa sababu mikono ya nguo za wakati wake ilipinda. Shati la leo halihitaji hivyo, lakini anayeshona makoti afuate mpindo wa koti lake. Viringisha ncha, kisha upige msasa mpaka kiganja kisikwaruzwe popote.

Sehemu inayoharibiwa mara nyingi ni mguu. Weka kipande kimoja tu cha mbao, chenye kimo cha sentimita 12 hivi, chini ya upande mpana, na uache upande wa ncha ukining'inia, kwa maana mguu wa pili ungezuia mkono wa nguo kuingia. Kitako, yaani ubao wa chini unaoshikilia mguu, nacho kiwe na urefu ule ule wa ubao wa juu na kifike chini ya ncha, la sivyo pasi ya makaa, ambayo ni nzito, itakipindua chombo chote pale fundi anapokandamiza. Tumia gundi ya mbao pamoja na skrubu, na vichwa vya skrubu za juu vizamishwe ndani ya mbao ili visichore alama kwenye kitambaa.

Funika kwa tabaka mbili za blanketi kuukuu la sufu, wala usitumie sponji, kwani huyeyuka. Juu yake weka kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa kabla, kivutwe sawasawa na kupigiliwa misumari midogo upande wa chini pekee, kwa sababu msumari ulio ukingoni hushika kutu na kuchafua nguo yenye unyevu.

Kabla ya kuweka nguo ya mteja, pitisha pasi ya moto juu ya kipande cheupe kilicholowa na ukitazame kama kimepata doa. Kwa gomesi, vua mkono uliokwisha nyooshwa, ingiza ncha ya ubao ndani ya bega, funika kwa kitambaa chembamba, upige pasi kuelekea kileleni kwa joto la chini, kisha uliache bega lipoe likiwa bado juu ya ubao.