Somo: Dopamini na simu, na jinsi ya kupunguza hamu ya kuchungulia kila dakika

Wengi wameshaambiwa kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Ukishika hilo utahangaika bure, maana dopamini inahusika zaidi na kutaka na kutarajia. Ndiyo sababu mtu anaweza kuitamani simu kwa nguvu, akaishika nusu saa, na alipoiweka chini hakumbuki hata kimoja kilichompendeza. Somo hili linahusu simu, lakini utaratibu unafanana kwa kubeti, soda na sigara.

Inavyofanya kazi

Dopamini hutengenezwa na seli chache za neva zilizoko hasa katika ubongo wa kati. Malighafi yake ni tairosini, moja ya vijenzi vya protini, ambayo tunaipata kwenye maharage, mayai, nyama na samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Uswidi alionyesha kwamba ubongo huitumia kupelekea ujumbe, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Jaribio linalosaidia kulielewa jambo hili vizuri ni la mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake. Waliwapa kima matone ya juisi huku wakipima seli hizo. Tone likija ghafla, seli zinachangamka. Kima wakishazoea kwamba taa huwaka kabla ya juisi, seli zinachangamka taa inapowaka, na juisi yenyewe ikifika hazishtuki tena. Taa ikiwaka halafu juisi isije, zinashuka chini ya kawaida, tena wakati uleule juisi ilipotakiwa kufika. Mwaka 2003 ikaonekana jambo jingine: wakati wa kusubiri, seli hupanda taratibu, na hupanda zaidi pale nafasi ya kupata ni nusu kwa nusu.

Sasa tazama kidole kinavyouvuta ukurasa chini na kale kamduara kakizunguka. Hujui kama kitakachotokea ni ujumbe wa mtu unayemsubiri, michango ya harusi, au hakuna kitu. Huko kutokujua ndiko kunakorudisha kidole. Kwa hiyo kazi yetu kubwa iko kwenye taa, yaani kile kinachotangulia na kuamsha hamu, kabla hamu yenyewe haijawaka. Kushindana na hamu ambayo imeshapanda ni kazi ngumu, na wengi hushindwa hapo kisha wakajiona wadhaifu bure.

Hatua ya 1: Ijue taa yako

Kwa siku 3 usipunguze chochote. Chukua daftari, na kila ukishika simu bila kupigiwa andika vitu vitatu: saa, ulipokuwa, na kilichotangulia. Liwe daftari la karatasi. Ukiandikia kwenye simu utaingia kuandika mstari mmoja na kutoka baada ya video kumi. Kwa kawaida yanajitokeza mambo machache tu: mlio, foleni ya daladala, kazi iliyogoma, upweke wa usiku.

Hatua ya 2: Izime

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya arifa. Acha simu za kupigiwa, meseji za pesa, na watu wawili au watatu wa lazima. Mengine yote zima. Magrupu ya WhatsApp yanyamazishe moja kwa moja, siyo kwa saa 8. Programu inayokula muda itoe kwenye ukurasa wa mbele, toka kwenye akaunti, na ufute nenosiri lililohifadhiwa ili kila kuingia kuwe na usumbufu. Ukipenda, geuza skrini iwe nyeusi na nyeupe.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu anazima mlio lakini anaacha mtetemo, au ile namba ndani ya duara jekundu. Taa bado inawaka. Mwingine anazima mpaka simu za kupigiwa, halafu anachungulia mara nyingi kuliko mwanzo kwa hofu kwamba huenda nyumbani kuna dharura.

Hatua ya 3: Weka nyakati

Chagua mara tatu kwa siku, mfano saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni, dakika 20 kila mara. Faida yake ni zaidi ya kuokoa muda. Ujumbe ukijikusanya, kila ukifungua unakuta kitu, na ule ubahatishaji wa nusu kwa nusu unapungua. Bando la siku ukilinunua dogo, litakusaidia kujizuia.

Hatua ya 4: Chumba cha kulala

Chaja ihamie sebuleni. Nunua saa ya mezani yenye kengele, kwa sababu "naitumia kuamkia" ndiyo sababu inayorudisha simu kitandani. Usiguse simu nusu saa ya kwanza baada ya kuamka.

Hatua ya 5: Weka kitu pale palipobaki wazi

Taa nyingine hazizimiki, kama uchovu wa kazi. Hizo ziandalie jibu mapema na uliandike: "Kazi ikigoma, nitasimama nitembee dakika 5." Jibu lilingane na shida yenyewe, aliye mpweke ampigie mtu, kusoma kitabu hakutamtosha. Hamu ikipanda subiri dakika 10 kabla ya kuamua, kwa kuwa hamu hupanda na kushuka.

Siku za mwanzo utajisikia vibaya, hali inayofanana na ile vijana wanaiita arosto, mateso ya kukosa kilevi ulichozoea. Ni kama ule mshuko wa taa iliyowaka juisi isije, na huenda maana yake ubongo unajifunza upya. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa kwenye jarida mwaka 2010 ulikuta tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, kuanzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo ukiteleza endelea kesho yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nikikaa siku nzima bila simu, muziki wala chakula kitamu, dopamini itajisafisha?

Jibu: Hapana, ndugu. Dopamini haiishi wala haisafishwi kwa siku moja, na hata kutembea unaihitaji. Wagonjwa wa Parkinson hutetemeka na kukakamaa kwa sababu seli zinazoitengeneza zimekufa. Kinachosaidia kwenye mapumziko hayo ni kukaa mbali na taa. Muziki na chakula kizuri viache mahali pake.

Swali: Nasikia ndizi zina dopamini. Nile ngapi?

Jibu: Kweli zinayo, ila dopamini ya tumboni haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Kula ndizi kama tunda. Na vidonge vinavyouzwa mitandaoni vya "kuongeza dopamini" usivinunue.

Swali: Nauza nguo WhatsApp, nikifunga arifa napoteza wateja. Nifanyeje?

Jibu: Dada, tenganisha laini. Namba ya biashara iwe na mlio wake, bila magrupu na bila kuangalia status za watu. Weka ujumbe wa kujibu wenyewe unaotaja saa unazojibu. Usihesabu nani ametazama status yako, hesabu oda.

Swali: Baba yetu ana Parkinson, miaka miwili anatumia dawa. Hakuwahi kucheza kamari maishani, sasa anabeti mpaka pesa ya matibabu. Tumemsema sana.

Jibu: Acheni kumsema, poleni sana. Dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kama pramipexole na ropinirole, zinajulikana kuwaletea baadhi ya wagonjwa hamu isiyozuilika ya kamari, kununua vitu, kula au ngono. Nendeni wiki hii kwa daktari aliyemwandikia, mkiwa na majina ya dawa, dozi, na tarehe tabia ilipoanza. Msimwachishe dawa wenyewe, kukatisha ghafla kuna hatari zake. Mkiwa mnasubiri, mwombeni akubali mmoja wenu ashike kadi ya benki na namba ya siri ya pesa za simu.