Akiingia kasho, andika saa

Mudogo wangu polisi walimchukua Ijumaa usiku hapa Katuba, Lubumbashi, kwa deni la simu. Nilimkimbilia na bukari (ugali) ya moto na samaki tomsoni, sikutazama saa. Asubuhi daftari la kasho, mahabusu ya polisi, likasema ameingia Jumamosi.

Kwa hiyo, hata kabla ya kulia, andika saa. Usiandike "saa mbili", kuna atakayesema ni ya asubuhi. Andika 20:00, tarehe, mahali, na majina ya majirani wawili walioona. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inasema mtu asikae kasho zaidi ya masaa 48. Yakiisha, aachiliwe au afikishwe mbele ya wakubwa wa sheria. Jumapili haikutajwa, hata wakikuambia bwana mkubwa amepumzika.

Ukifika, salimia vizuri. Mimi nilipiga kelele na mlango haukufunguka. Uliza: kosa gani, na OPJ (ofisa mpelelezi) gani ameshika dosie? Kifungu hicho hicho kinampa aliyeshikwa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoisikia, na kuonana palepale na ndugu au avoka (wakili) wake. Mwambie asitie sahihi kwenye PV, karatasi ya maelezo yake, ya Kifaransa mpaka asomewe kwa Kiswahili. Mudogo alibaki kidogo tu atie sahihi kwamba ameiba.

Aombe neno "deni" liandikwe humo. Kifungu cha 61 cha Katiba hiyo kinakataza kumfunga mtu kwa deni, hata nchi ikiwa kwenye hali ya dharura.

Pesa ya kalamu, pesa ya karatasi, wataomba. Omba risiti, utaona watakavyonyamaza.

Masaa 48 yakipita, nenda parke, ofisi ya waendesha mashtaka, na karatasi yako. Mahakimu wa huko ndio wanaosimamia ma-OPJ na makasho yao. Huna ya kumlipa avoka? Barreau, chama cha ma-avoka, ina ofisi ya ushauri wa bure. Parke wakitoa hati ya kumkamata, hesabu siku 5 afike kwa jaji. Jaji anaweza kumweka ndani siku 15, kisha kuongeza mwezi, na hapo ni Kasapa, gereza la Lubumbashi. Kila karatasi, nakili tarehe yake.

Sisi tuliokolewa na jirani muuza makaa. Alikumbuka saa kwa sababu habari za redio zilikuwa zinaanza. Niliyaandika maneno yake nyuma ya fakture (bili) ya umeme, na parke wakaipokea hivyo hivyo.