Sikiliza Kabla ya Kutundika Dripu

"Nitilie chupa moja, mwanangu, nipate nguvu." Bibi huyo wa Shella, hapa Malindi, alikuwa amevimba miguu na usiku akilala ameketi. Moyo wake ulishachoka kusukuma maji aliyokuwa nayo; chupa ile ingemzamisha. Wauguzi wenzangu mnaoanza kazi wodini, fuateni hivi.

Hatua ya 1: usishike chupa bado. Bonyeza kifundo cha mguu. Kidole kikiacha shimo, shuku maji yamezidi mwilini. Tazama kama mishipa ya shingo imetuna. Weka stetoskopu mgongoni, chini kabisa, usikilize mchakarisho wa maji mapafuni. Kisha uliza analalia mito mingapi.

Hatua ya 2: chagua maji. Salaini, yaani maji ya chumvi, ina kloraidi milimoli 154 kwa lita, ilhali damu ina kama 100. Chupa moja mbili hazina neno, lakini zikizidi damu huwa na asidi.

Ringer, aina nyingine ya maji ya dripu, ina kloraidi kama 110, potasiamu kidogo na kalisiamu. Asili yake ni moyo: miaka ya 1880 daktari Ringer wa London aliona moyo wa chura unadunda katika chumvi iliyoyeyushwa kwa maji ya bomba, na katika maji yaliyosafishwa unazimika. Kilichokosekana ni kalisiamu. Aliyekauka kwa kuhara hupewa hii. Usiipitishe mrija mmoja na damu, itaigandisha.

Dekstrosi ya 5%, yaani maji ya sukari, haiinui presha. Sukari ikishatumika, maji yake mengi hutoka mishipani.

Hatua ya 3: pima kiasi na kasi. Hapa ndipo moyo huumia zaidi. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika kwa jirani zetu Kilifi, Uganda na Tanzania, ulitushtua. Kati ya watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, waliomiminiwa maji haraka walikufa kama 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7.3. Vifo vya ziada vilitokana hasa na mzunguko wa damu kuporomoka, kuliko mapafu kujaa maji.

Kwa mtu mzima ambaye presha imeshuka na moyo wake unautilia shaka, anza na mililita 250, kisha rudia hatua ya 1. Mililita 500 kwa saa 4, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Yahesabu kwa saa mkononi.

Potasiamu usiisukume kwa sindano mshipani kamwe. Moyo husimama.

Bibi hakutundikiwa dripu. Daktari alimwandikia sindano ya kutoa maji, na usiku wa tatu alilalia mto mmoja.