Kupima wanafunzi wanavyofikiri kwa namba: swali la maji ya Mkanda

Nafundisha sayansi ya jumla chuoni hapa Lamu, kwa vijana waliokuja kusomea hoteli, biashara na ualimu wa chekechea. Wengi wanajua kukokotoa. Ninachotaka kujua ni kama jibu likishapatikana wanalihoji, na mtihani wa kuchagua a, b, c haunionyeshi hilo.

Chagua swali lenye habari wanayoishi nayo. Langu ni hili: leo maji yamejaa saa 4:00 asubuhi, na kila siku kujaa huchelewa kama dakika 50. Siku nne baada ya leo, mashua ya kwenda kisiwa cha Pate ipite Mkanda (mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara) saa ngapi mchana ili maji yawe yamejaa? Eleza, kisha sema jibu lako laweza kukosea wapi. Kipande hicho cha mwisho usikiache kamwe, ndicho kinachopima.

Unaposahihisha, usitoe alama moja ya jumla. Rubriki (jedwali la vigezo vya kusahihisha) ya kufikiri kwa namba ya AAC&U (jumuiya ya vyuo na vyuo vikuu) ya Marekani, ya mwaka 2009, inatenganisha mambo sita. Kwa jibu la ukurasa mmoja mimi huchukua matatu: kukokotoa, makadirio aliyoyategemea, na kueleza. Kila moja 0 hadi 4.

Utaona tofauti mara moja. Anayegawa dakika 200 (50 mara siku 4) kwa 60, akapata 3.33 na kuandika "saa 7 na dakika 33", kugawa anakujua. Kilichomponyoka ni kwamba theluthi ya saa ni dakika 20. Mwingine huandika 7:20 barabara, akaishia hapo. Kisha yuko wa kuandika hivi: "Huku kwetu maji yakijaa saa 4 asubuhi ni maji mafu, na siku hizo huchelewa zaidi ya dakika 50, kwa hiyo 7:20 ni mapema." (Maji mafu ni siku ambazo maji hayajai sana wala hayatoki sana.) Huyo mpe 4 ya makadirio hata kama hesabu yake ina doa. Nikikuta jibu kama hilo hufurahi siku nzima.

Mwisho wa muhula pima tena, kwa swali jingine: mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 60 ni lita 600, kwa nini tangi halipati zote?

Ficha majina, mpe mwenzako nakala chache azisahihishe bila kuona alama zako. Mkipishana kwa alama 2 au zaidi, andikeni upya maelezo ya kiwango hicho kabla ya kuendelea na zilizobaki.