Kuandika falsafa yako ya usanifu: hatua kwa hatua, kuanzia kazi ulizokwisha kufanya

Falsafa ya usanifu ni orodha fupi ya maamuzi ambayo uko tayari kuyalipia gharama yake. Ukurasa unaosema "naamini katika urahisi, uzuri na kumjali mtumiaji" haujafika hapo, kwa sababu hakuna msanifu atakayesimama kutetea ugumu, ubaya na kumpuuza mtumiaji. Mwongozo huu unafuata njia moja tu: kanuni zinachimbwa kwenye kazi zilizokwisha kufanyika, halafu zinajaribiwa kwenye kazi mpya. Unamfaa msanifu wa michoro, wa samani, wa mavazi au wa programu, ilimradi ana kazi zisizopungua 12. Mwenye chache zaidi ya hizo afanye kazi kwanza, maana atakachoandika sasa kitakuwa matamanio.

Mpangilio huo una sababu. Dieter Rams, msanifu wa bidhaa wa Ujerumani, alianza kazi Braun, kampuni ya vifaa vya umeme, mwaka 1955, na kanuni zake kumi za usanifu mzuri zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya miongo miwili ya redio, mashine za santuri na vinyolea. Kazi ilitangulia, maneno yakafuata. Anayeanza na maneno huishia kuandika anachokipenda kwenye kazi za wengine.

Vifaa: kadi tupu 80, kalamu moja nyeusi, printa, meza kubwa au sakafu isiyopitiwa na watu, na nusu siku mbili zilizoachana kwa siku tatu hivi. Usifanyie kwenye skrini. Programu za kupanga kadi ni nzuri kwa timu, lakini hapa zinakuonyesha kipande tu cha kazi yako kwa wakati mmoja, na nusu ya muda utautumia kuzipa kadi rangi.

Hatua ya 1: Kusanya kazi 20

Chukua kazi 10 zinazokuridhisha, 5 zinazokuudhi hata kama mteja alizipenda, na 5 zilizokataliwa au kuachwa njiani. Mwenye kazi chini ya 20 agawe kwa uwiano huohuo. Usiache zile 10 za mwisho. Kazi inayokuudhi ina mpaka wako uliovukwa, na mpaka ndio tunaoutafuta.

Chapisha kila moja kwenye nusu ya karatasi ya A4, bila rangi. Rangi huficha mpangilio: mabango mawili ya bluu yataonekana ndugu hata kama moja limejengwa kwa picha na jingine kwa maandishi matupu. Kwa samani au nguo, piga picha kwa umbali mmoja na mwanga mmoja. Ambaye rangi ndiyo kazi yake, kama msanifu wa vitambaa, achapishe seti mbili.

Hatua ya 2: Andika maamuzi, usiandike sifa

Kila kazi ipate kadi tatu, na kila kadi iwe na sentensi ya muundo huu: "Nilichagua hiki badala ya kile, ikagharimu hiki." Kwa mfano: "Nilichagua sehemu 6 za kujaza kwenye fomu badala ya 11, ikagharimu taarifa ambazo watu wa mauzo walizitaka." Au: "Nilichagua mbao zenye vifundo badala ya mbao safi, ikagharimu ulinganifu kati ya kiti kimoja na kingine."

Maneno kama "safi", "ya kisasa" na "yenye mvuto" hayaingii kwenye kadi. Ni hukumu za mtazamaji, hazielezi ulichofanya.

Tatizo la kawaida ni kutokumbuka kile ulichokiacha. Fungua matoleo ya zamani ya faili: tofauti kati ya toleo la pili na la tatu ni uamuzi, hata kama uliufanya bila kuufikiria. Kama matoleo hayapo, linganisha kazi iliyokamilika na maelekezo ya mteja, uone ulipoachana nayo. Uamuzi uliolazimishwa na bajeti au rangi za kampuni ya mteja uwekewe msalaba na utengwe, isipokuwa uliupinga. Ukiupinga, andika ulichokuwa unakitetea.

Hatua ya 3: Panga kwa kile kilichotolewa

Tandaza kadi zote 60 na uzipange kwa sehemu ya mwisho ya sentensi, yaani gharama. Unachokichagua hubadilika kulingana na kazi, lakini unachokuwa tayari kukipoteza hujirudia. Kundi lenye kadi chini ya 4 liweke kando. Dakika 40 zinatosha.

Hatua ya 4: Geuza kila kundi liwe kanuni

Hapa ndipo saa zinapopotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Kanuni ina sehemu tatu: unachofanya, kinachopewa nafasi ya kwanza, na kinachotolewa. Mfano: "Napunguza machaguo kabla ya kuongeza maelezo, hata kama mtumiaji mzoefu atabonyeza mara moja zaidi." Hayo maneno "hata kama" ndiyo yanayobeba kanuni. Sentensi isiyoweza kuyapokea bado haijaiva.

Ukishaandika, igeuze. Andika kinyume chake kwa uaminifu kisha ujiulize kama kuna msanifu hodari anayeweza kukitetea. "Naongeza maelezo kabla ya kupunguza machaguo, hata kama anayeanza atachukua muda kujifunza": mtu anayesanifu programu ya kuhariri sauti kwa mafundi wa studio anaweza kuisaini bila wasiwasi. Basi kanuni ya kwanza imepita, kwa sababu inamtenga mtu halisi. Historia ya usanifu imejaa jozi za namna hii. Kauli ya kwamba kidogo ndicho kingi inajulikana zaidi kwa jina la msanifu majengo Mies van der Rohe; mwaka 1966 msanifu majengo mwenzake Robert Venturi akaijibu kwamba kidogo kinachosha. Wakati Rams akiongoza usanifu Braun, msanifu wa Kiitalia Ettore Sottsass na kundi lake la wasanifu lililoitwa Memphis, mjini Milano mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa wakitengeneza samani zenye rangi kali na michoro inayogongana kwa makusudi. Wote walijua walichokuwa wakikifanya. Kanuni yako inatakiwa ikuweke upande mmoja wa ubishi wa aina hiyo.

Sasa mitego, na ni mingi.

Wa kwanza ni kuchukua kiwango cha chini na kukiita falsafa. "Maandishi yangu yanasomeka" haina kinyume kinachoweza kutetewa kwenye fomu ya benki. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, katika kiwango chake cha AA, unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma usipungue 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa. Hilo linapimwa, halijadiliwi. Vitu vya namna hiyo viandike kwenye karatasi nyingine yenye kichwa "Sakafu", na usivihesabu kama kanuni. Watu wengi wakifanya hivyo hugundua kwamba nusu ya waliyoyaita imani yao ilikuwa sakafu. Ni ugunduzi mzuri, usikukatishe tamaa.

Mtego wa pili ni ladha. "Napenda nafasi tupu" ni ladha. Jiulize "ili iweje?" mara mbili. Jibu la kwanza huwa "ili macho yapumzike", la pili huanza kuwa na maana: "ili kitu kimoja tu kiitwe muhimu kwenye kila ukurasa." Hapo kuna kanuni, na inaweza kutimizwa hata kwenye ukurasa uliojaa. Usijiulize mara ya nne au ya tano; utaanza kubuni sababu ambazo hazikuwepo.

Wa tatu ni zana. "Natumia gridi ya safu 12" (mistari ya kupangia vitu kwenye ukurasa) ni mbinu, na kesho utafanya kazi isiyokuwa na gridi. Chimba chini yake. Ukikuta "vipimo vyote vinatoka kwenye mfumo mmoja, hata kama kipande kimoja kitaonekana kikubwa kuliko jicho lingependa", umeipata. Ukikuta kwamba unatumia gridi kwa sababu faili yako huanza nayo, itupe kadi hiyo.

Wa nne ndio unaodanganya kuliko yote: kanuni ya kuazima. Msanifu majengo wa Marekani Louis Sullivan aliandika mwaka 1896 kwamba umbo hufuata kazi ya kitu, na tangu hapo sentensi hiyo imetumiwa kama marufuku ya mapambo. Majengo ya Sullivan mwenyewe yamejaa mapambo ya majani na mashina, yaliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Anayeiazima kauli yake bila kuyatazama majengo anaazima nusu, tena nusu isiyo yake. Sheria yangu hapa ni kali: kanuni isiyokuwa na kadi 4 kutoka kwenye kazi zako mwenyewe haiingii, hata kama aliyeisema ni nani.

Wa tano ni neno "daima". Kanuni isiyotaja inapotumika itavunjwa wiki ya kwanza, na ukishaizoea kuvunjika utazipuuza na nyingine. Taja hali: "kwenye skrini anazotumia mtu akiwa na haraka", "kwenye kitu kitakachoshikwa kila siku". Mwisho, tafuta "na" katikati ya sentensi. Mara nyingi ni kanuni mbili zilizobanwa pamoja, moja ikiwa dhaifu na kujificha nyuma ya mwenzake.

Usitumie zaidi ya dakika 30 kwa kanuni moja. Ziache siku tatu, kisha zisome kwa sauti. Ile ambayo unaona haya kuisoma mbele ya mtu mwingine kwa kawaida imejaa mapambo ya maneno. Ondoa vivumishi vyote uone kinachobaki. Lengo ni kanuni 3 hadi 6. Mimi nasimamia 5. Kumi ni nyingi kwa mtu anayetaka kuzikumbuka kalamu ikiwa mkononi.

Hatua ya 5: Zijaribu

Chora jedwali: kazi 20 kwa wima, kanuni 5 kwa mlalo. Kila kisanduku kipate alama moja kati ya tatu: imefuatwa, imevunjwa, haikuguswa.

Kanuni ambayo haikuguswa kwenye kazi zaidi ya 14 ni finyu mno. Huenda inahusu aina moja ya wateja. Iliyofuatwa kwenye zote 20 ama ni pana mno, ama umejionea huruma. Iliyovunjwa kwenye kazi zinazokuudhi imethibitika. Tazama kwa makini iliyovunjwa kwenye kazi zinazokuridhisha: aidha kanuni ina kasoro, aidha imekosa hali ya kutumika. Usirekebishe alama ili kuiokoa.

Kisha chukua maelekezo mafupi ya kazi yoyote na uchore rasimu mbili za maudhui yaleyale, dakika 30 kila moja, ya kwanza ikiifuata kanuni na ya pili ikiivunja. Rasimu hizo zikifanana, kanuni haifiki kwenye karatasi, hata kama inasomeka vizuri. Rudi hatua ya 4.

Jaribio la mwisho ni la mtu mwingine. Mpe kanuni zako na kazi 6 zisizo na majina, 3 zako na 3 za wasanifu wengine wa fani hiyohiyo, azitenge. Asiwe mtu unayefanya naye kazi. Huyo anaujua mkono wako na hatazisoma kanuni.

Hatua ya 6: Ongeza sentensi mbili za kuanzia na kuishia

Kanuni zinachuja, hazizalishi. Ukizitumia kuanzia mchoro wa kwanza zitaua mawazo kabla hayajapata umbo. Andika sentensi moja ya namna unavyoanza. Pendekezo langu: michoro 20 midogo, sentimita 5 kwa 7, kwa kalamu nene, ndani ya dakika 40, bila kuhukumu hata mmoja. Kalamu nyembamba inakuvuta kwenye vitu vidogo. Michoro ya mwanzo humaliza mawazo ambayo kila mtu angeyapata; kanuni ziingie baada ya wa ishirini, kuchagua mitatu.

Sentensi ya pili iseme unaacha lini. Kwa mfano: "Naacha pale mabadiliko matatu mfululizo yasipobadilisha namna kitu kinavyotumika."

Hatua ya 7: Panga kwa uzito, weka tarehe

Kanuni zitagombana. Ziweke mbilimbili (kanuni 5 zinatoa jozi 10) na uamue kwa kila jozi ipi inapita, ukitumia mgongano uliotokea kweli kwenye kazi zako. Mteja usimpe karatasi hiyo. Mweleze ile sehemu ya "hata kama" inayomhusu, kabla hujaanza kuchora.

Pitia upya kila baada ya kazi 10. Kanuni iliyovunjwa mara tatu na matokeo yakawa mazuri iongezewe hali au ikatwe kwa mstari mmoja, na tarehe pembeni, bila kuifuta, ili uone ilivyokuwa. Kadi 60 zitunze, na kila kazi inayokamilika iandikie kadi zake tatu siku hiyohiyo, wakati bado unakumbuka ulichokiacha.