Chai kushoto, wino kulia

Vijana mnaoanza kuchora kwa wino, chai ikae kushoto, maji ya brashi kulia, tena kwenye kopo lisilo na mkono. Nimechora katuni miaka arobaini na ushei. Brashi kuichovya kwenye chai ya tangawizi nimeshazoea. Maji ya wino nimeyanywa mara mbili tu. Ya pili nilimaliza kikombe, nikadhani mama watoto kabadilisha majani.

Halafu mchoro ukikusumbua na kasoro huioni, utazame kwenye kioo. Jicho likishazoea, pua iliyopinda huiona imenyooka. Mimi jicho moja la mheshimiwa fulani lilikuwa karibu na sikio. Niligundua nikinyoa ndevu, mchoro uko ukutani nyuma yangu, na gazeti limeshatoka.